Kabla ya kununua kitabu cha historia, tazama kurasa za mwisho

MNAMO Juni 6, 2013, Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni jijini London na kutamka jambo ambalo serikali za nchi hiyo zilikuwa zimelikwepa kwa nusu karne. Alikiri kwamba Wakenya waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni. Akaeleza majuto ya serikali yake, kisha akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 yatakayowafidia wazee 5,228 na kugharimia kesi yao.

Wengi wanakumbuka fidia hiyo, na pengine mnara wa ukumbusho uliozinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, Septemba 2015. Wachache ndio wanaokumbuka kwamba njia ya kufikia siku hiyo ilipitia katika kurasa za vitabu. Wala havikuwa vitabu vya riwaya au tamthilia. Vilikuwa vitabu vinene vya historia, vyenye tanbihi nyingi na maandishi madogo, vya aina ambayo mnunuzi hufungua dukani, akaona idadi ya kurasa, kisha akavirejesha rafuni.

Ni hasara kuvirejesha. Katika miaka ya hivi karibuni pamechapishwa vitabu kadhaa visivyo vya kubuni kuhusu Kenya na majirani zake ambavyo vinamfaa mtu yeyote mdadisi, hata kama mara ya mwisho alisoma historia kwa ajili ya mtihani. Tatizo ni kuchagua. Jalada la kupendeza haliwezi kumwongoza msomaji, na sifa zilizochapishwa nyuma ya kitabu huombwa na mchapishaji mwenyewe. Kipimo kilicho bora ni swali moja: mwandishi alijuaje haya anayoyasema? Jibu lake, aghalabu, limo katika kurasa za mwisho, palipo na tanbihi na orodha ya majalada na watu waliohojiwa.

Kisa cha vitabu vya Mau Mau kinaonyesha umuhimu wa swali hilo kuliko kingine chochote.

Mwaka wa 2005 vilitoka vitabu viwili kwa wakati mmoja. Kimoja ni 'Histories of the Hanged' chake David Anderson, mwanahistoria Mwingereza. Kingine ni cha Caroline Elkins wa Chuo Kikuu cha Harvard, kilichoitwa 'Britain's Gulag' nchini Uingereza na 'Imperial Reckoning' nchini Marekani. Vyote viwili vinazungumzia Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Hata hivyo, kila mmoja wa waandishi hao alipitia njia yake.

Anderson alifuata karatasi. Mahakama maalumu zilizoundwa na serikali ya kikoloni kuwahukumu washukiwa wa Mau Mau ziliacha kumbukumbu za kesi, naye alizisoma moja baada ya nyingine. Katika majalada hayo alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na vita hivyo. Kwa mujibu wake, hakuna kwingine katika himaya ya Uingereza ambako kitanzi kilitumiwa kwa kiwango hicho. Hakuwasaza wapiganaji wa msituni pia. Sura yake kuhusu mauaji ya Lari ya Machi 1953 inaeleza uvamizi wa usiku ule dhidi ya familia za walinzi wa nyumbani, kisha ulipizaji kisasi uliofuata. Msomaji anayetafuta mashujaa watupu upande mmoja na mashetani watupu upande wa pili hatawapata humo.

Elkins naye alianza na karatasi, akagundua kwamba nyingi hazipo. Majalada kuhusu kambi za kuwazuilia watu yalikuwa na mapengo mahali palepale ambapo yalitarajiwa kusema mengi. Kwa hivyo akaenda vijijini katika eneo la Kati ya Kenya, akawahoji mamia ya wazee waume kwa wake waliopitia kambi hizo na vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Vijiji hivyo vilizidi 800, na ndani yake walihamishiwa kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja. Picha aliyoichora ilikuwa ya mateso yaliyopangwa, si ya askari wachache waliopotoka. Kitabu hicho kilituzwa Pulitzer mwaka wa 2006.

Vilevile kilishambuliwa vikali. Baadhi ya wanahistoria walidai kwamba aliegemea mno kumbukumbu za wazee baada ya miaka 50, na kwamba hesabu zake hazishikiki. Katika suala la hesabu, wakosoaji hawakukosa hoja. Elkins alikuwa amedokeza kwamba huenda mamia ya maelfu ya Wakikuyu hawakujulikana walikoishia. Mwaka wa 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alizichambua upya hesabu za watu za miaka hiyo, akakadiria vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida kuwa takriban 50,000. Takriban nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 10.

Hapo msomaji hana budi kutua kidogo. Idadi ya Blacker ni ndogo kuliko ile ya Elkins, lakini inatisha pengine zaidi, kwa kuwa inamwonyesha ni nani aliyekufa: mtoto aliyekosa chakula na dawa ndani ya kijiji kilichofungwa. Ndiyo sababu haifai kusoma kitabu kimoja tu kuhusu jambo zito. Mwandishi anaweza kukosea hesabu na bado akawa na haki katika kiini cha madai yake.

Na kiini hicho kilithibitishwa kwa namna ambayo haikutarajiwa. Mwaka wa 2009 wazee watano waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London. Elkins, Anderson na mwanahistoria mwenzao, Huw Bennett, waliitwa kuwa mashahidi wataalamu. Katika harakati za kesi hiyo, mwaka wa 2011, serikali ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imehifadhi maelfu ya majalada ya yaliyokuwa makoloni yake 37 katika jengo lenye ulinzi mkali huko Hanslope Park, kaskazini mwa London. Miongoni mwayo yalikuwa majalada takriban 1,500 ya Kenya, yaliyosafirishwa kwa siri wakati wa uhuru mwaka wa 1963.

Yaliyokuwamo yalilingana kwa kiasi kikubwa na yale ambayo wazee walikuwa wamesema. Katika mojawapo ya nyaraka hizo, mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring mwaka wa 1957 kuhusu kuwapiga wafungwa, akishauri kwamba ikiwa ni lazima kutenda dhambi, basi itendwe kimya kimya. Kulikuwa pia na maagizo kuhusu nyaraka za kuteketezwa kabla ya bendera kushushwa. Zile ambazo hazingeweza kuchomwa zilipaswa kutiwa katika masanduku yenye uzito na kuzamishwa baharini, penye kina kirefu na pasipo mikondo, mbali na pwani. Mtu anayechukua tahadhari kama hiyo anajua vyema alichokiandika.

Kuanzia mwaka wa 2012 majalada yaliyonusurika yalianza kufunguliwa kwa umma nchini Uingereza, na kizazi kipya cha vitabu kimeanza kuyatumia. Elkins mwenyewe alirudi mwaka wa 2022 na 'Legacy of Violence', kitabu cha kurasa zaidi ya 800 kinachofuatilia jinsi mbinu za ukandamizaji zilivyohamishwa na maafisa walewale kutoka Ireland hadi Palestina, kutoka Malaya hadi Kenya na Cyprus. Ni kizito, na mahali pengine kinarudiarudia. Asiyekuwa na muda aanze na kile cha Anderson, kisha aende kwa Elkins wa 2005. Hicho cha 2022 kinaweza kungoja likizo.

Mtu akiisha kuzoea kuuliza swali la ushahidi, atajikuta anavichagua vitabu vingine kwa urahisi. Chukua Uganda. Kwa miaka mingi vitabu kuhusu Idi Amin, aliyetawala kuanzia 1971 hadi 1979, vilijaa vichekesho na uvumi, vingi vikinukuu magazeti ya nje. 'A Popular History of Idi Amin's Uganda', kilichoandikwa na Derek Peterson wa Chuo Kikuu cha Michigan na kuchapishwa mwaka wa 2025, kimejengwa juu ya msingi mwingine kabisa. Kwa miaka kadhaa Peterson alishirikiana na Waganda kuokoa majalada ya serikali za wilaya yaliyokuwa yakiliwa na mchwa na unyevu darini na katika vyumba vya stoo, wakayapanga na kuyaorodhesha. Kazi hiyohiyo ya uokoaji ilifukua negativu takriban 70,000 za picha zilizopigwa na wapigapicha wa serikali. Sehemu ya picha hizo ilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, mwaka wa 2019.

Swali linaloibuka katika majalada hayo si lile lililozoeleka kuhusu wazimu wa mtu mmoja. Utawala wa namna ile uliwezaje kudumu miaka minane? Jibu la Peterson linakera: ulidumu kwa sababu makarani, walimu, machifu na wananchi wengi waliendelea kuripoti kazini, baadhi wakiamini kwa dhati kwamba wanaitumikia nchi yao. Hawaoshi Amin kwa hoja hiyo. Anawaondolea wengine kisingizio.

Mwaka huohuo wa 2025 Mahmood Mamdani alichapisha 'Slow Poison', kitabu kinachomlinganisha Amin na Rais Yoweri Museveni, aliye madarakani tangu Januari 1986. Mamdani, ambaye mwanawe Zohran alichaguliwa Novemba 2025 kuwa meya wa New York, alikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Amin mwaka wa 1972. Ungetarajia aandike kwa chuki. Badala yake anadai kwamba siasa za kuigawa nchi kwa misingi ya kikabila chini ya Museveni zimekuwa sumu ya pole pole iliyoharibu kwa kina kuliko ukatili wa wazi wa Amin. Waganda wengi waliopoteza ndugu zao miaka ya sabini hawatakubaliana naye, nao wana haki hiyo. Kitabu hiki ni mchanganyiko wa hoja na maisha ya mwandishi, na hakina budi kusomwa sambamba na cha Peterson. Kimoja kinatoa majalada, kingine kinatoa ugomvi.

Kuhusu Kongo, 'The Lumumba Plot' cha Stuart Reid, kilichotoka mwaka wa 2023, kinasomeka kwa kasi kama hadithi ya kijasusi. Patrice Lumumba aliuawa Katanga Januari 17, 1961, miezi michache baada ya nchi yake kupata uhuru mnamo Juni 30, 1960. Reid anatumia nyaraka za siri za Marekani zilizofunguliwa baadaye, zikiwamo zile zinazohusu sumu iliyopelekwa Leopoldville na mtaalamu wa shirika la ujasusi la CIA. Kasoro yake inatokana na uzuri wake. Kwa kuwa karatasi ni za Washington, Umoja wa Mataifa na Brussels, macho ya msomaji huwa Washington mara nyingi kuliko yalivyo mitaani Leopoldville.

Vitabu vya kumbukumbu za viongozi vinahitaji tahadhari ya namna yake, maana humo shahidi na hakimu ni mtu mmoja. Hata hivyo visidharauliwe, hasa kikiwa cha Kiswahili. 'Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu' cha marehemu Ali Hassan Mwinyi, rais wa pili wa Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995, kilizinduliwa Mei 8, 2021, siku alipotimiza miaka 96. Mwinyi alifariki Februari 29, 2024. Huyu ndiye kiongozi aliyejiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani mwaka wa 1977 kutokana na vifo vya raia mikononi mwa polisi mkoani Shinyanga, tendo lisilo la kawaida kwa mwanasiasa wa eneo hili, wakati ule na hata leo. Msomaji mdadisi atalinganisha masimulizi yake na yale ya wengine kuhusu kipindi hicho.

Njia moja ya kulinganisha ni 'Development as Rebellion', wasifu wa Mwalimu Julius Nyerere uliochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka wa 2020. Umegawanywa katika majuzuu matatu yaliyoandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Ni kazi ya Watanzania kuhusu mtu waliyemjua, waliompenda na waliotofautiana naye. Hawasiti kuzungumzia vijiji vya Ujamaa vilivyojazwa watu kwa amri, wala kuwekwa watu kizuizini bila kesi. Bei ya majuzuu yote matatu si ya mchezo. Hiki ni kitabu cha kuazima maktabani, au cha marafiki watatu kuchanga na kubadilishana.

Kitabu kingine cha Kiswahili kinachostahili kutajwa kina utata zaidi. 'Kwa Heri Ukoloni, Kwa Heri Uhuru!' cha Harith Ghassany, kilichotoka mwaka wa 2010, kinahusu Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964. Ghassany aliwahoji wazee wa bara na visiwani, wakiwamo waliodai kushiriki kuwavusha watu kutoka pwani ya Tanga kwenda Unguja. Anahitimisha kwamba mkono wa Tanganyika katika mapinduzi hayo ulikuwa mkubwa kuliko inavyosimuliwa rasmi. Kitabu hicho kilizua mabishano makali, na mwandishi hafichi upande wake. Hata hivyo ana jambo ambalo vitabu vingi havina: sauti za wahusika katika lugha waliyoisema. Msomaji anaweza kupima mwenyewe mahali mzee anaposita, anapojigamba na anapokwepa.

Je, vipi kuhusu watu ambao hawakuacha karatasi wala hawakuhojiwa na yeyote? Candice Millard, mwandishi Mmarekani, alikumbana na tatizo hilo katika 'River of the Gods', cha mwaka wa 2022. Kinasimulia safari ya Richard Burton na John Speke waliotoka pwani mwaka wa 1857 kutafuta chimbuko la mto Nile, na ugomvi wao ulioishia kwa kifo cha Speke kutokana na risasi ya bunduki yake mwenyewe mnamo Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao. Hayo yameandikwa mara nyingi. Jipya ni kwamba Millard amempa nafasi ya mhusika mkuu Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani na kupelekwa India, kisha akarejea Zanzibar akiwa huru. Bombay aliwaongoza Burton na Speke, akarudi na Speke na James Grant, akafuatana na Henry Stanley alipomtafuta David Livingstone mwaka wa 1871, na hatimaye akalivuka bara zima na Verney Cameron hadi bahari ya Atlantiki mwaka wa 1875. Vitabu vya shule vilimtaja, vilipomtaja, kama mpagazi.

Ukifungua kurasa za mwisho za kitabu cha Millard, utaona mpaka wake mara moja. Takriban kila anachokijua kuhusu Bombay kimetoka katika shajara na vitabu vya Wazungu aliowaongoza, watu waliomsifu walipofika salama na kumlaumu mizigo ilipopotea. Millard anafanya awezavyo. Hata hivyo, alivyowaza Bombay kuhusu Burton, au alivyowasimulia wenziwe usiku kandokando ya moto, hakuna aliyeandika.

Hapo ndipo yalipo mambo yenye uzito kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Wazee waliohojiwa na Elkins walizungumza kwa Kikuyu na Kiswahili. Kitabu kilichotokana na maneno yao kiko katika lugha ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma, kilichapishwa ng'ambo, na bei yake ililingana na mifuko ya ng'ambo. Hali ni ileile kwa vitabu vingi vilivyotajwa hapa, isipokuwa hivyo viwili vya Kiswahili. Wachapishaji wa eneo hili husema kwamba soko lao ni shule, na kwamba kitabu kisichotahiniwa hakiuziki. Huenda ni kweli. Lakini msomaji naye hawezi kununua kisichokuwapo.

Wakati huohuo mashahidi wanazidi kupungua. Aliyekuwa na miaka 20 Hali ya Hatari ilipotangazwa alizaliwa mwaka wa 1932. Mjukuu mwenye simu ya kurekodi sauti ana kifaa ambacho Anderson na Elkins wangekitamani walipoanza utafiti wao, na hahitaji mkalimani.

Asiyekuwa na mzee wa kumhoji bado ana pa kuanzia. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iko katikati ya jiji la Nairobi, barabara ya Moi, katika jengo lililowahi kuwa benki, ambalo maelfu ya watu hulipita kila siku wakikimbilia matatu. Orofa ya chini imejaa sanaa zilizokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka wa 1966. Orofa za juu kuna chumba cha kusomea. Humo mwananchi anaweza kuomba jalada la wilaya ya babu yake, akaketi, akafungua kamba yake, na kusoma alichoandika mkuu wa wilaya.